Darubini za bunduki mpakani Mpondwe: Jinsi ya kuchagua, kufunga na kuvusha bila kupoteza mzigo

KASESE – Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaotumia barabara ya Kasese kwenda Bwera hadi mpaka wa Mpondwe wamezoea kubeba saruji, chumvi, samaki wakavu, nguo na vipuri. Mara chache hutokea katoni ndogo isiyozidi kilo tano, imeandikwa neno moja tu: darubini. Katoni hiyo ndogo inaweza kusimamisha lori zima, na ikibainika kuwa maelezo yake si ya kweli, inaweza kumgharimu mwenye lori gari lake.

Makala haya yanaeleza darubini ya kulengea ni kitu gani, inachaguliwa na kufungwa vipi kwenye bunduki ndogo ya kipimo cha .22, na inapita vipi forodhani. Mambo hayo yanakwenda pamoja. Anayeagiza bila kujua bidhaa ataletewa isiyofaa, na asiyejua kuieleza kwenye karatasi atashindwa kuivusha hata kama ni nzuri.

Jina moja, bidhaa nne

Katika Kiswahili cha sokoni, pande zote mbili za mto Lhubiriha, neno "darubini" hubeba vitu vingi. Mwongoza watalii wa Katwe akisema darubini, ana maana ya ile ya macho mawili ya kutazamia wanyama. Mhudumu wa maabara anaweza kuwa na maana ya hadubini ya kupimia malaria. Mjenzi wa barabara anazungumzia chombo cha kupimia ardhi kinachosimama kwa miguu mitatu. Mwenye bunduki anataka ile ya kulengea shabaha.

Kwa forodha, hivyo ni vitu vinne tofauti. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, darubini za kutazamia ziko kwenye kichwa namba 9005, hadubini kwenye 9011, na vyombo vya kupimia ardhi kwenye 9015. Darubini za kulengea zinazotengenezwa ili zifungwe kwenye silaha ziko kwenye 9013.10.

Tarakimu hizo sita ni zile zile Uganda, Kongo, Kenya na hata nchi ilikotengenezwa bidhaa. Hapo ndipo zinapomsaidia mfanyabiashara wa Mpondwe. Karatasi za Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, huandikwa kwa Kiingereza. Upande wa Kasindi, idara ya forodha ya Kongo, DGDA, hutumia Kifaransa, ambako bidhaa hii huitwa "lunette de visée". Mtu akiandika "lunettes" peke yake, ofisa anaweza kuelewa miwani. Namba haibadiliki kwa lugha.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Darubini ya kulengea ikija peke yake, huhesabiwa kuwa chombo cha macho, katika sura ya 90. Ikija imefungwa juu ya bunduki, au ikiletwa pamoja na bunduki ambayo imekusudiwa kufungwa juu yake, huhamia sura ya 93 pamoja na bunduki hiyo. Sura ya 93 ndiyo ya silaha na risasi, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeiweka katika orodha ya bidhaa zenye masharti. Kwa maneno mengine, chombo kile kile kinabadilika hadhi kutegemea kilichomo pembeni yake ndani ya sanduku.

Kwa nini Mpondwe ni tofauti

Katika mipaka mingine katoni kama hiyo huzua maswali machache. Mpondwe ina historia yake. Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia eneo hilo wakitokea Zaire ya wakati huo. Juni 16, 2023 watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio dhidi ya shule ya sekondari ya Lhubiriha, umbali mfupi kutoka mpakani. Oktoba 17 mwaka huo huo watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambayo barabara ya Kasese hupita katikati yake.

Upande wa pili, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi Mei 2021. Kabla ya hapo, Julai 2003, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 1493 liliweka vikwazo vya silaha dhidi ya makundi yenye silaha katika Kivu zote mbili na Ituri. Mwaka 2008 azimio namba 1807 liliiondoa serikali ya Kongo katika vikwazo hivyo, lakini makundi yalibaki. Lugha ya vikwazo hivyo haitaji bunduki peke yake, bali pia vifaa vinavyohusiana nazo. Darubini iliyotengenezwa kufungwa kwenye silaha inaweza kuhesabiwa humo bila ubishi mrefu.

Ndiyo maana ofisa wa Mpondwe anayeona kifaa hiki hatauliza ushuru tu. Atauliza ni cha nani, kinakwenda kufungwa kwenye bunduki gani, na kwa kibali kipi. Majibu yakiwepo kwenye karatasi, mazungumzo huwa mafupi. Yasipokuwepo, suala hutoka mikononi mwa forodha na kwenda kwa vyombo vya usalama.

Nani anahitaji kifaa hiki kihalali

Bunduki za kipimo cha .22 ni ndogo kuliko bunduki nyingine nyingi. Risasi yake ya kawaida, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, huwashwa kwa kugongwa kwenye ukingo wa kitako chake badala ya katikati. Msukumo wake ni mdogo na bei yake ni nafuu, kwa hiyo duniani kote hutumika katika kujifunza kulenga na katika mashindano ya shabaha. Nchini Uganda, mtu binafsi hawezi kumiliki bunduki bila kibali cha polisi chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Kuwinda bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019.

Kwa Kasese, kuna kundi jingine la watumiaji ambalo ni rahisi kulisahau, nao ni madaktari wa wanyamapori. Simba aliyenaswa na mtego wa waya, au tembo anayetakiwa kufungwa kola ya kufuatilia nyendo zake, hulazwa kwanza kwa sindano inayorushwa na bunduki maalumu. Baadhi ya bunduki hizo husukuma sindano kwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Nyingine hutumia risasi tupu za .22, yaani zenye baruti bila kichwa cha risasi. Nyingi hufungwa darubini juu yake. Daktari akikosea kwa upana wa kiganja, sindano huingia pasipofaa, dawa hupotea, na mnyama aliyejeruhiwa hukimbilia vichakani.

Kwa hiyo soko halali lipo, lakini ni dogo na wanunuzi wake wanajulikana kwa vibali vyao. Mfanyabiashara anayepokea oda ya vipande hamsini kutoka kwa mtu asiye na kibali wala taasisi anapaswa kujiuliza mara mbili kabla ya kupokea malipo ya awali.

Kuchagua: kubwa si lazima iwe bora

Darubini hutambulishwa kwa namba. Iliyoandikwa 4x32 hukuza mara nne na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 32. Iliyoandikwa 3-9x40 inaweza kubadilishwa kutoka mara tatu hadi mara tisa na lenzi yake ni ya milimita 40. Wanunuzi wengi huvutiwa na namba kubwa. Kwa bunduki ya .22 hilo ni kosa la kawaida.

Sababu ya kwanza ni umbali. Bunduki hii hutumika zaidi ndani ya mita 50 hadi 75. Ikirekebishwa ipige katikati ya shabaha kwenye mita 50, ikifika karibu na mita 100 risasi yake ya kawaida itakuwa imeshuka sentimita 15 au zaidi. Ukuzaji wa mara nne unatosha kwa kazi hiyo. Ukuzaji mkubwa hupunguza eneo linaloonekana na hufanya mtikisiko wa mkono uonekane mkubwa.

Sababu ya pili ni mwanga. Gawanya upana wa lenzi kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Kwa 4x32 ni milimita 8. Kwa 3-9x40 ikiwekwa kwenye mara tisa ni milimita 4.4 tu. Mboni ya jicho gizani hufunguka kufikia takriban milimita 7. Kwa hiyo alfajiri au jioni, ile ndogo na ya bei nafuu inaweza kuonyesha vizuri kuliko ile kubwa iliyowekwa kwenye ukuzaji wa juu.

Sababu ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi, nayo ni umbali ambao kiwanda kimeirekebishia darubini. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hurekebishwa kwa yadi 100, yaani mita 91. Zile za .22 hurekebishwa kwa yadi 50, takriban mita 46. Ukitumia ya bunduki kubwa kwa shabaha ya karibu, msalaba wa kulengea huonekana kuhama kila jicho linapohama kidogo. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji bunduki. Laza darubini juu ya mfuko wa mchanga, ielekeze kwenye alama iliyo mita 50, kisha sogeza kichwa polepole kushoto na kulia bila kuigusa. Msalaba ukitulia juu ya alama, inafaa. Ukitembea, haifai kwa kazi hiyo, isipokuwa kama ina kirekebisho chake chenyewe.

Kwa bunduki ya sindano umbali huwa mfupi zaidi na sindano hupinda sana njiani. Mnunuzi wa aina hiyo aulize darubini ya ukuzaji mdogo, inayoonyesha vizuri vitu vya karibu.

Jambo la nne ni unyevunyevu. Chini ya milima ya Rwenzori mvua na ukungu ni vya kila siku. Darubini nzuri hujazwa gesi ya nitrojeni na kuzibwa ili ukungu usifanyike ndani ya lenzi. Muuzaji akikubali, izamishe kwa dakika chache katika maji ya uvuguvugu. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye viungo yanaonyesha kuwa imevuja. Bidhaa za kuiga zenye majina makubwa ni nyingi, hivyo linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye bomba na iliyo kwenye boksi, na ikiwezekana muulize mtengenezaji.

Tahadhari moja zaidi: bunduki za hewa zinazotumia springi hutikisika nyuma kisha mbele. Mtikisiko huo wa pande mbili huvunja darubini zilizotengenezwa kwa bunduki za kawaida, ingawa bunduki yenyewe ni ndogo. Anayeagiza kwa ajili ya bunduki ya springi ahakikishe boksi linasema inafaa kwa kazi hiyo.

Kufunga: oda nyingi huharibika hapa

Mfanyabiashara anaweza kuleta darubini nzuri na bado mteja akairudisha, kwa sababu pete za kuifungia hazikuingia. Kuna vipimo viwili vya kuuliza kabla ya kuagiza.

Cha kwanza ni unene wa bomba la darubini. Ulio wa kawaida ni inchi moja, yaani milimita 25.4. Mwingine ni milimita 30. Darubini za zamani za .22 zilikuwa nyembamba, nyingine za robo tatu ya inchi. Pete ya milimita 30 haitashika bomba la inchi moja, na kujazia kwa utepe au raba huleta matatizo baadaye.

Cha pili ni sehemu ya juu ya bunduki. Bunduki nyingi za .22 zina mifuo miwili iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, upana wake ukiwa karibu na milimita 11. Nyingine zina reli pana yenye mapengo ya kukata. Hata hizo reli ziko za aina mbili, Weaver na Picatinny, na mapengo ya Picatinny ni mapana zaidi. Pete za reli hazishiki mifuo, na za mifuo hazishiki reli.

Kazi ya kufunga ifanywe na mwenye kibali au fundi anayetambuliwa, na hatua zake ni hizi:

1. Hakikisha bunduki haina risasi. Angalia kwa macho na kwa kidole, kisha ondoa risasi zote mahali pa kazi.

2. Futa mafuta kwenye mifuo au reli na ndani ya pete. Mafuta hufanya darubini iteleze.

3. Funga sehemu ya chini ya pete, laza darubini, kisha weka sehemu ya juu bila kukaza.

4. Shika bunduki kama ya kulenga, na usogeze darubini mbele au nyuma hadi picha ijae duara lote. Kwa kawaida jicho hubaki sentimita 7 hadi 10 kutoka lenzi ya nyuma.

5. Nyoosha msalaba. Mstari wa wima ufuate uzi wenye uzito ulioning'inizwa ukutani, wakati bunduki imelala sawa. Msalaba ulioinama hupeleka risasi pembeni kadiri umbali unavyoongezeka.

6. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, pengo la kila upande libaki sawa. Nguvu ya takriban nyutoni-mita 2 inatosha kwa pete nyingi. Anayekaza kwa nguvu zote huminya bomba, na bomba lililominywa halirekebishiki.

7. Rekebisha shabaha katika uwanja ulioruhusiwa, kuanzia mita 25, kisha mita 50.

Katika hatua ya mwisho hesabu ni nyepesi. Darubini nyingi husogeza shabaha takriban milimita 7 kwa kila mlio wa kitufe kwenye mita 100. Kwenye mita 50 ni nusu yake, karibu milimita 3.6, na kwenye mita 25 ni milimita 1.8. Risasi zikipiga milimita 36 chini ya alama kwenye mita 50, zungusha milio kumi kuelekea juu. Piga tatu au tano kabla ya kurekebisha, usifuate risasi moja.

Nyaraka: andika kilichomo

Kosa kubwa la wafanyabiashara wadogo ni kudhani kwamba maelezo mafupi ni salama. Ankara inayosema "darubini, vipande 6" inamlazimu ofisa kufungua katoni, na akikuta ni za silaha, mwenye mzigo huonekana kama alikuwa anaficha. Maelezo yanayofaa ni kama haya: darubini za kulengea za kufungwa kwenye bunduki, ukuzaji mara 4, lenzi milimita 32, bomba milimita 25.4, pamoja na pete, vipande 6, namba za utambulisho, nchi zilikotengenezwa, kichwa 9013.10.

Wafanyabiashara wa Mpondwe waliozoea cheti rahisi cha asili cha Afrika Mashariki au utaratibu rahisi wa COMESA wakumbuke kwamba njia hizo, zenye kikomo cha dola 2,000, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Darubini iliyotengenezwa China au Japani haimo, hata kama thamani yake ni dola 60. Inapita kwa tamko kamili kupitia wakala wa forodha. Inapoingizwa Uganda kwa matumizi ya ndani, juu ya ushuru wa forodha kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hivyo bei ipangwe baada ya wakala kutoa hesabu yake, si kabla.

Namba 9013.10 haimaanishi kuwa bidhaa ni huru. Inamaanisha tu kwamba haihesabiwi kuwa silaha inapokuwa peke yake. Kwa mpaka huu, busara ni kupata barua ya polisi na nakala ya kibali cha mmiliki, au barua ya taasisi, kabla ya mzigo kuondoka Kampala. Kama mzigo unakwenda Kongo, kibali cha mamlaka za huko kitangulie. Marekani nayo huweka darubini za kulengea katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa zinapouzwa nje, na muuzaji anaweza kudai tamko la mtumiaji wa mwisho. Zile za kuonea usiku au za joto zina masharti makali zaidi, zisichanganywe kwenye oda moja na za kawaida.

Dereva na mwenye lori wajilinde

Sheria ya forodha ya 2004 haiishii kwa mwenye bidhaa. Vifungu vyake vya 210 na 211 vinaruhusu kutaifishwa kwa bidhaa zilizovushwa kinyume cha sheria na pia chombo kilichozibeba. Lori linalodaiwa mkopo benki linaweza kukaa yadi kwa sababu ya katoni ambayo dereva aliipokea kama fadhila.

Kwa hiyo mzigo wa "nipelekee tu Bwera" usipokelewe bila ankara. Katoni yoyote isiyo kwenye orodha ya mzigo ibaki ilipotoka. Kama lori limefungwa lakiri ya kielektroniki ya mizigo inayopita, hakuna cha kuongeza njiani, iwe Mbarara, Kikorongo au Kasese. Kampuni za basi na waendesha boda boda wanaobeba vifurushi wanahusika vile vile. Na njia za panya za kuvuka Lhubiriha, ambazo wengine huzitumia kukwepa foleni kwa mafungu ya vitenge, ni hatari ya aina nyingine kabisa kwa mtu atakayekutwa na kifaa cha bunduki mkononi.

Kwa ufupi, kabla ya kukubali oda ya darubini, mfanyabiashara awe na majibu matano kwa maandishi: inafungwa kwenye bunduki gani, bomba na pete ni za kipimo gani, kwa umbali upi, kwa kibali cha nani, na chini ya namba ipi. Majibu matatu ya kwanza yanamwepusha na mteja anayerudisha mali. Mawili ya mwisho yanaliepusha lori lake na yadi ya forodha.